Naomba msaada: deskitopu ya 2008 inakataa Linux, kila nikijaribu inagoma sehemu nyingine

#1 Mwalimu_Bahi
Habari za jioni wakuu. Leo siku ya nne nimekwama.

Shuleni kwetu huku Bahi tumeletewa deskitopu sita zilizotumika, zawadi ya mtu aliyesoma hapa zamani. Zote za 2008: Core 2 Duo, RAM 2GB kwa vipande viwili vya 1GB, diski ya 160GB. Windows 7 iliyokuwemo imejaa virusi. Nikaona nipige Linux Mint 21, mfumo wa bure badala ya Windows, ile ya dawati jepesi la Xfce, hiyo itapata masasisho hadi 2027. Vijana wangu wa kidato cha tatu wanajifunza kibodi kwa kuichora kwenye daftari, na nimewaahidi kwamba kabla hatujafunga shule kila mmoja atakuwa ameandika jina lake kwenye mashine.

Nimeanza na moja. Flashi inabuti, dawati linafunguka, nabofya kusakinisha, inaanza kunakili. Mara ya kwanza ilifika kama nusu ikaganda, mausi hata kusogea. Mara ya pili skrini ikawa nyeusi, mistari inashuka: SQUASHFS error, unable to read. Mara ya tatu ikajizima na kuwaka yenyewe. Jana imenipa Errno 5, Input/output error. Mashine ileile, flashi ileile, sijabadili kitu. Inaumwa nini? Natanguliza shukrani.

#2 Nkuhungu_Kwetu
Flashi hiyo, mwalimu. Mimi nilinunua mtaani flashi iliyoandikwa 64GB, kumbe ndani ni 8GB. Inapokea kila unachoipa, siku ya kusoma ndiyo unakuta takataka. Kuna programu inaitwa f3, sudo apt install f3. Jaza flashi kwa f3write kisha soma kwa f3read, itakutajia ukubwa wake wa kweli.

#3 Fundi_Majengo
Nkuhungu taratibu. ISO ya Mint 21 ya Xfce, yaani lile faili la kusakinishia, haifiki 3GB, hata hiyo feki yako ya 8GB ingeibeba.

Mwalimu, tazama RAM. Mashine ikigoma palepale kila siku, kuna doa kwenye flashi au diski. Ikigoma leo hapa kesho pale, ugonjwa unatembea, na mimi nikiona ugonjwa unaotembea naanza na RAM. Zima, chomoa waya wa umeme, shika bodi ya chuma ya kasha kwanza ili umeme wa mwilini utoke (hewa ya huku ni kavu, usipuuze hilo), toa vipande vyote viwili, futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, kisha rudisha kimoja tu.

#4 Binti_Kondoa
Kwa ambao hawajakutana na hilo neno squashfs: ni faili moja kubwa lililogandamizwa ndani ya flashi, ndilo lililobeba mfumo karibu wote. Kisakinishi kinalisoma kutoka kwenye flashi, kinalifungulia kwenye RAM, kinaandika kwenye diski. Biti moja ikipinda njiani, ufunguaji unagoma. Kwa hiyo ule ujumbe unakuonyesha kilio kilikosikika tu, aliyepiga humjui bado. Anaweza kuwa flashi, tundu la USB, RAM, au umeme wenyewe.

Mwalimu, ulihakiki sha256sum ya ISO (namba ya kuthibitisha faili limeshuka salama) kabla ya kuiandika kwenye flashi? Na umeandika kwa programu gani?

#5 Mzee_wa_Zabibu
Umechomeka mbele au nyuma? Deskitopu za umri huo matundu ya mbele yanafika kwenye madabodi kwa kawaya kembamba ka ndani, na watu wameyachomoachomoa miaka zaidi ya kumi. Chomeka nyuma, kwenye matundu yaliyoungwa moja kwa moja na madabodi. Nimeokoa mashine tatu hivyo bila kugusa RAM.

#6 Mtani_Manyoni
Core 2 Duo yenye RAM 2GB mnaipa mfumo wa 64-bit? Inaelemewa hiyo. Tafuta Mint ya 32-bit uone kama itagoma.

#7 Binti_Kondoa
Mtani hapana. Core 2 Duo ni 64-bit tangu ilipotoka 2006. Isiyo na 64 ni Core Duo, ile isiyo na hiyo 2 katikati. Andika lscpu usome mstari wa CPU op-mode, utaona zote mbili zimetajwa. Prosesa hizi zinakwama kwa mifumo inayodai maagizo mapya zaidi kama SSE4.2, mfano RHEL 9, Linux ya Red Hat. Mint 21 haiyadai. Halafu Mint iliachana na 32-bit toka toleo la 20, mwaka 2020.

#8 Mtani_Manyoni
LMDE 6 ni Mint, ni ya 2023, na ya 32-bit ipo. Ninayo kwenye flashi hapa mezani. Mgogo akikosoa na yeye akubali kukosolewa.

#9 Binti_Kondoa
Hapo umenipata, nilitakiwa kusema Mint ya kawaida, ile inayojengwa juu ya Ubuntu. LMDE inajengwa juu ya Debian, na Debian yenyewe imeondoa kisakinishi cha 32-bit kuanzia toleo la 13, mwaka 2025. Ila mashine ya mwalimu haihitaji hiyo.

Na mimi ni Mrangi.

#10 Mwalimu_Bahi
Asanteni sana wakuu, mmenipa kazi ya kutosha. Majibu: sha256sum nimeihakiki, inafanana herufi kwa herufi. Nimeandika kwa Rufus kwenye laptopu ya mhasibu. Nimechomeka mbele, Mzee_wa_Zabibu umejuaje. RAM sijaigusa. Jingine nililosahau: kila ikiwaka tarehe inarudi Januari 2007.

#11 Ihumwa_Kona
Tarehe hiyo ndiyo jibu. Betri ya madabodi imekufa, CR2032 ya volti 3. Saa ikiwa nyuma miaka yote hiyo mfumo unachanganyikiwa. Badilisha, utanishukuru.

#12 Mzizi_UDOM
Ihumwa_Kona, betri abadilishe, lakini haielezi kuganda. Kunakili mafaili hakuulizi ni mwaka gani. Saa mbovu itamuumiza baadaye: atakapoandika apt update ataambiwa Release file is not valid yet, na kivinjari kitakataa tovuti zote za https kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana vya wakati ambao haujafika. Nilipoteza Jumapili nzima hosteli nikidhani ni bando limeisha.

Betri hiyo inaweza kumgusa kwa njia nyingine. Ikifa, mipangilio ya BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye baadhi ya madabodi namna ya kuongea na diski inahama kutoka AHCI kwenda IDE ya zamani. Haitaleta Errno 5, ila ni vizuri ajue.

Mwalimu, buti kwa flashi, usisakinishe, fungua terminali: sudo apt install smartmontools, kisha sudo smartctl -a /dev/sda. Tuletee mistari mitatu: namba 5 na 197, za sehemu mbovu au zinazoshukiwa za diski, na 199, ya makosa ya mawasiliano yake. Kama huna intaneti hapo, unganisha simu kwa waya wa USB uwashe kushiriki intaneti. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao, draiva ya kutafuta hakuna.

#13 Nkuhungu_Kwetu
Sijaiacha flashi. Mwalimu linganisha flashi yenyewe na ISO: sudo cmp -n $(stat -c %s mint.iso) mint.iso /dev/sdb. Ikikaa kimya, flashi ni nzima.

#14 Binti_Kondoa
Hiyo amri ni sahihi kama Rufus iliandika kwa namna ya DD, yaani kunakili ISO yote biti kwa biti. Kwa namna ya ISO, ambayo ndiyo anayopendekezewa mtumiaji kwanza, Rufus inatengeneza kizigeu chake na kunakili mafaili ndani, kwa hiyo cmp itapiga kelele hata flashi ikiwa salama. Mwalimu akiifuata hivyo atatupa flashi isiyo na ubovu.

#15 Mama_Steshenari
Jamani, kuna aliyesoma ujumbe wa Errno 5 hadi mwisho? Mimi umenitokea. Unaanza kutaja CD chafu, unakuja kwenye diski iliyozeeka, na sentensi inamalizikia kwa kushauri mashine ihamishiwe mahali penye ubaridi zaidi. Waliouandika walijua.

Nina steshenari huku Kisasa. Mvua zikishakatika upepo wa Dodoma unaingiza vumbi jekundu hata ndani ya droo iliyofungwa. Deskitopu yangu ya zamani ilikuwa asubuhi inachapa vizuri, saa nane mchana wateja wamejaa inajizima. Nilipiga Linux mara mbili ikagoma. Nilipofungua nilikuta kati ya feni na hitisinki kuna blanketi, namaanisha blanketi, unalivua kwa vidole. Nilisafisha kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, nikapaka pesti mpya ya prosesa. Amri ya sensors ilikuwa inanionyesha nyuzi 94, baada ya hapo 61. Shikilia feni kwa kidole usiiache izunguke ukiipulizia, na usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Mwalimu, hiyo ya mara ya tatu kujizima na kuwaka, ulikuwa saa ngapi?

#16 Mwalimu_Bahi
Mama, ilikuwa saa tisa alasiri. Darasa lina bati bila dari.

#17 Fundi_Majengo
Prosesa ya Intel ya kizazi hicho ikichemka inajipunguza kasi kwanza, ikizidi ndiyo inazima kabisa. Kuzima na kujiwasha mimi nafikiria umeme au kapasita. Mwalimu ukifungua tazama kapasita zinazozunguka prosesa, vile vikopo vidogo vyenye alama ya msalaba juu. Vichwa viwe bapa. Ukiona kimevimba au kimetoa ute wa kahawia, madabodi hiyo inakula umeme usio safi. Mashine za miaka ya 2000 hadi 2007 hivi ziliugua sana ugonjwa huo dunia nzima. Pawa saplai yenyewe usiifungue, ndani inabaki na chaji hata ukichomoa.

#18 Mzee_wa_Zabibu
Kwa hiyo fundi umehama kutoka RAM?

#19 Fundi_Majengo
Sijahama mzee. RAM kwanza. Kapasita mbovu inaichafulia umeme hiyohiyo RAM.

#20 Lecha_wa_Mpwapwa
Naomba nidandie uzi kidogo. Laptopu yangu ya 2009 imekubali Mint bila tatizo, waifai tu haionekani kabisa. lspci -nn inaandika BCM4312 na namba 14e4:4315. Nifanye nini?

#21 Binti_Kondoa
Lecha, hiyo nimeishi nayo miaka miwili. Chipu inahitaji femwea (programu ndogo ya kuiendesha chipu yenyewe) ambayo leseni yake hairuhusu kuwekwa kwenye ISO bila utaratibu. Una njia mbili na usizichanganye: draiva ya b43 ukiipa femwea kwa firmware-b43-lpphy-installer, au draiva ya wl kwa bcmwl-kernel-source. Zikiwekwa zote zinagombania kadi. Njia ya kwanza inashusha femwea kutoka mtandaoni, kwa hiyo unganisha simu kwa waya kama Mzizi alivyosema #12. Mimi b43 ilinikatikakatika, wl ikatulia, ila kila keneli (kiini cha Linux) ikipanda toleo, wl lazima ijengwe upya.

Kabla ya yote andika rfkill list. Ikisema Hard blocked: yes, tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu.

#22 Mtani_Manyoni
Kwangu ilikuwa kinyume, wl iligandisha laptopu nzima, b43 ikafanya kazi. Chipu ileile 4315.

#23 Lecha_wa_Mpwapwa
Swichi! Ilikuwa imezimwa, na baada ya kuiwasha rfkill inasema no, lakini bado haipo. Naenda na b43 kwanza. Asanteni.

#24 Ihumwa_Kona
Hivi kwa nini Mint haiji na Kiswahili kamili? Watoto wa mwalimu wangesoma menyu kwa lugha yao.

#25 Mzee_wa_Zabibu
Tulishawahi kuwa na mwanzo mzuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, maandishi, majedwali na mawasilisho kwa Kiswahili. Niliitumia ofisini. Ilinisisimua kuona neno Hifadhi kwenye menyu kuliko mnavyoweza kudhani. Kazi ile ilistahili watu wa kuiendeleza kila mwaka, na bado inastahili. Vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mpo wengi.

#26 Mzizi_UDOM
Mzee umeniwekea mzigo begani na nimeupokea. Ila tukianza, tunaita kompyuta au tarakilishi?

#27 Mama_Steshenari
Kompyuta. Mteja hajawahi kuniomba tarakilishi. Mwalimu yuko wapi lakini?

#28 Mwalimu_Bahi
Nipo. Jana Jumamosi nilishinda nayo. smartctl: namba 5 ni 0, namba 197 ni 0, namba 199 ni 37. Saa ilizowaka ni 31,000 na kidogo. Kapasita vichwa bapa vyote isipokuwa kimoja karibu na sloti za RAM, nakitazama naona kama kimeinuka, mwenzangu anasema kiko sawa. Vumbi: Mama Steshenari, blanketi lilikuwepo.

Nimesafisha, nimefuta RAM kwa raba, nimerudisha kipande kimoja, nimenunua flashi nyingine, nimechomeka nyuma. Nikaanza saa tatu usiku. Wakuu, dakika ishirini na tano, ikamaliza! Imewaka kwa diski. Nilikaa naitazama tu.

#29 Fundi_Majengo
RAM. Nilisema #3.

#30 Mama_Steshenari
Hongera mwalimu. Blanketi limetoka, na umefanya usiku.

#31 Nkuhungu_Kwetu
Na flashi ni mpya.

#32 Mzee_wa_Zabibu
Na tundu ni la nyuma.

#33 Mzizi_UDOM
Hongera sana mwalimu. Hiyo 199 yenye 37 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na madabodi, mara nyingi kebo ya SATA iliyolegea. Ulipofungua bila shaka uliigusa. Kwa hiyo ongezeni na kebo.

#34 Binti_Kondoa
Mzizi, 199 hairudi nyuma kamwe. Hizo 37 zinaweza kuwa za 2011. Akague wiki ijayo kama imepanda, hapo ndipo kebo itashtakiwa.

Mwalimu nimefurahi mno, nasema kwa moyo. Lakini umebadili mambo matano kwa mpigo na bado una mashine tano. Kama tatizo ni lilelile utarudia kazi yote mara tano bila kujua ipi ilikuwa ya lazima. Kile kipande cha RAM ulichokitoa usikitupe. Kirudishe peke yake kwenye mashine hiyohiyo, kwenye menyu ya flashi chagua kipimo cha kumbukumbu, uiache ifanye mizunguko minne. Mzunguko mmoja hautoshi.

#35 Mwalimu_Bahi
Nimefanya. Jumatatu usiku mizunguko minne, makosa 0. Nikasema RAM imesafishika jina. Jumanne nikarudia saa nane mchana nione, mzunguko wa pili makosa 11.

#36 Fundi_Majengo
RAM isiyo na ubovu haitoi hata kosa moja, mchana wala usiku.

#37 Mama_Steshenari
Kipande kilekile, mashine ileile. Tofauti ni jua juu ya bati.

#38 Mzee_wa_Zabibu
Mwalimu, jirani na shule kuna watu wa kuchomelea?

#39 Mwalimu_Bahi
Wapo mzee. Wanatengeneza mageti, mchana tu.

#40 Mzee_wa_Zabibu
Nilijua. Mashine ya kuchomelea ikishika, umeme wa laini yote unashuka na kupanda. Pawa saplai ya 2008 haina nguvu ya kuziba pengo. Pima kwa multimita kwenye plagi ya diski, mashine ikiwa inafanya kazi: njano na nyeusi isishuke 11.4, nyekundu na nyeusi isishuke 4.75.

#41 Mwalimu_Bahi
Fundi wa hapa kaja na multimita. Njano 11.5, nyekundu 4.9. Hapo geti lilikuwa linachomelewa. Likiwa halichomelewi njano ni 11.8.

#42 Fundi_Majengo
Imo ndani ya kiwango.

#43 Mzee_wa_Zabibu
Imo kwa unywele mmoja. Na multimita inakuonyesha wastani, mshtuko wa sekunde moja haiuoni.

#44 Binti_Kondoa
Kiingize hicho kipande kwenye mashine ya pili saa nane mchana, geti likichomelewa. Makosa yakija, kipande chenyewe ni kibovu. Yasipokuja, tunarudi kwenye mashine ya kwanza na kapasita yake.

#45 Mwalimu_Bahi
Mashine ya pili imeleta yake. Baada ya nembo ya Mint skrini inakuwa nyeusi, ila diski inasikika inafanya kazi.

#46 Mzizi_UDOM
Hiyo ni ya kadi ya picha. Kwenye menyu ya kubuti bonyeza e, kama menyu ni ya zamani bonyeza Tab. Nenda kwenye mstari wenye neno linux, mbele ya quiet splash andika nomodeset, kisha F10, au Enter kwa ya zamani. Ina kadi ya NVIDIA?

#47 Mwalimu_Bahi
Ina kadi iliyochomekwa, ndiyo, jina sijalisoma bado. nomodeset imeifungua, picha ni kubwa lakini naona dawati. Kipimo cha RAM nakifanya kesho saa nane, leo wachomeleaji hawapo.

Mashine ya kwanza iko darasani, tunaitumia asubuhi. Leo wanafunzi tisa wameandika majina yao. Mmoja alitumia dakika sita kutafuta herufi Z, na alipoipata darasa zima lilipiga makofi.

#48 Nkuhungu_Kwetu
Safi sana mwalimu. Ile flashi ya kwanza uliipima kwa f3?

#49 Mwalimu_Bahi
Bado. Mhasibu anayo, nitaichukua kesho nikienda kuomba ufunguo.